Nani Amwamulie Asiyeweza Kujiamulia?

Swali tunalokusudia kulizungumza katika makala haya si geni katika nyumba zetu, ingawa halijapata kuandikwa sana kwa Kiswahili. Mtu mzima anapopotewa na akili, kwa maradhi, kwa ajali au kwa uzee, hata asiweze tena kulipima jambo na kuliamua, je, ni haki ndugu yake aende mahakamani akaombe mamlaka ya kuamua badala yake? Na ikiwa ni haki, mpaka wa haki hiyo u wapi? Hapa Kampala swali hili huzuka mbele ya dirisha la karani wa benki, au katika ofisi ya mhasibu wa hospitali, au pale wenye vibanja wanapouliza busuulu ya mwaka huu wamlipe nani. Wanaouliza hawajioni kuwa ni wanafalsafa, lakini jambo wanaloliuliza ni la falsafa tangu mwanzo hadi mwisho.

Na tuchukue mfano ambao wasomaji wengi watautambua, maana kama haukuwafika wao umemfika jirani. Mama mjane, umri wake miaka sabini na kitu, alipigwa na kiharusi. Mwili umepata nafuu kidogo, lakini akili haikurudi kama ilivyokuwa. Watoto anawaita kwa majina ya dada zake waliokwisha kufa, fedha hazitambui, na usiku hutaka kuondoka aende shamba lililouzwa miaka arobaini iliyopita. Ardhi yake ya mailo iliyoko Wakiso imeandikwa jina lake peke yake. Akiba yake i benki, na benki haitoi ila kwa sahihi yake. Watoto ni watano. Mmoja yuko London, hutuma fedha na maagizo. Mmoja humwogesha mama kila asubuhi, naye hana cha kutuma wala nguvu ya kuagiza. Katika kikao cha jamaa mmoja wao anasema, kwa sauti ya upole, kwamba hakuna haja ya mawakili: hati ipo, wino upo, mama ashikwe mkono atie dole gumba, kipande cha ardhi kiuzwe, atibiwe. Wote wanajua kwamba fedha hizo zitamtibu kweli. Wote wanajua pia kwamba dole lililoshikiliwa na mwingine halikutia sahihi yoyote.

Msomaji asidhani kwamba aliyetoa shauri hilo ni mwizi. Yamkini ndiye anayempenda mama kuliko wote, na ndiye aliyechoka kuliko wote. Ugumu wa swali letu uko hapo hasa, kwamba dhuluma na huruma katika jambo hili huvaa nguo moja, na mara nyingine hukaa katika moyo wa mtu mmoja bila yeye mwenyewe kujua ni ipi iliyomsukuma asubuhi hiyo.

Sisi walimu wa lugha tunayo njia yetu ya kuliingia jambo kama hili, nayo ni kuisikiliza lugha yenyewe. Darasani tumezoea kufundisha kwamba kauli ya kutendea huonyesha tendo lililofanywa kwa ajili ya mtu, tukatoa mifano ya kumpikia mgeni na kumshonea mtoto. Mifano hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Kumsemea mtu ni kumtetea asiyeweza kusema. Na kumsemea mtu ni kumchongea kwa mkubwa wake. Kumchukulia mtu mzigo ni kumsaidia. Kumchukulia mtu mali yake ni kumnyang'anya. Kumlia mtu chakula chake hakuhitaji maelezo. Basi kumwamulia mtu jambo ni kufanya nini? Sarufi haitujibu. Kiambishi ni kile kile, shabaha ya tendo ni yule yule, na msikilizaji hawezi kujua kama limefanywa jema au baya mpaka atazame matokeo yake. Tungependa mwalimu atakayeifundisha kauli hii aijaribu mifano hiyo na wanafunzi wa madarasa ya juu. Ataona jinsi watakavyobishana.

Methali nayo inayo rai yake. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wazi: anayehitaji msaada usimsumbue kwa maswali, mpe. Ni methali ya watu wema, na katika nyumba ya mgonjwa ndiyo inayofuatwa kila siku, maana mgonjwa hufunikwa, hugeuzwa, huogeshwa, hulishwa, na lau tungengoja idhini yake kwa kila kijiko angekufa njaa. Lakini tuitazame vizuri. Methali inasema uji. Haisemi kwamba mgonjwa haulizwi ardhi, wala haulizwi nyumba, wala haulizwi atazikwa wapi. Uji huliwa ukaisha, na kesho kuna mwingine. Mwenye kukosea katika uji amekosea mlo mmoja. Lakini hati ya mailo ikiisha kuhamishwa jina, mama atakapozinduka hata kwa saa moja na kuuliza, hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo tunaiona methali hii kuwa ni sahihi mahali pake, na kwamba wengi huivusha mpaka wake kwa makusudi, kwa kuwa inawafaa.

Sheria ya nchi hii imelijua tatizo hili tangu zamani. Kwa muda wa miaka 80 Uganda iliongozwa na Sheria ya Matibabu ya Akili ya mwaka 1938, iliyotungwa na serikali ya kikoloni, ambayo iliwaza zaidi jinsi ya kumkamata mgonjwa na kumweka mahali kuliko jinsi ya kumheshimu. Hospitali ya Butabika, iliyo upande wa mashariki wa jiji karibu na ziwa, ilifunguliwa mwaka 1955 chini ya sheria hiyo, na jina la kilima hicho likawa matusi vinywani mwa watoto wa Kampala, jambo ambalo halikuwa kosa la hospitali. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, ambayo inazungumza habari za haki za mgonjwa, matibabu katika vituo vya afya vya karibu, na hiari pale inapowezekana. Ama kuhusu mali, iko Sheria ya Usimamizi wa Mali za Watu Wasio na Akili Timamu ya mwaka 1951. Kwa sheria hii Mahakama Kuu yaweza kumteua msimamizi wa mali ya mgonjwa na mlezi wa mgonjwa mwenyewe. Msimamizi huyo hukusanya kodi, hulipa madeni, humtunza mgonjwa na wale wanaomtegemea. Lakini kuuza ardhi au kuiweka rehani hawezi mpaka arudi mahakamani na kuomba ruhusa maalum. Aidha, humpasa kuwasilisha orodha ya mali na kutoa hesabu kila mwaka.

Maombi yenyewe hupelekwa katika Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu. Mwombaji huapa kwa maandishi, huambatisha taarifa ya daktari, mara nyingi wa Butabika au Mulago, huambatisha muhtasari wa kikao cha jamaa kuonyesha kwamba ndugu wamekubaliana, na barua ya mwenyekiti wa LC1 kuthibitisha kwamba watu hawa wanajulikana. Yeyote aliyepata kuzisoma hukumu zilizochapishwa atajua kwamba wengi wa wanaoombewa ni wazazi waliopatwa na kiharusi au na maradhi ya usahaulifu wa uzeeni, na kwamba kinachoombwa ni kitu kidogo kinachoeleweka: kutoa fedha za matibabu, kukusanya kodi ya nyumba, kuuza kiwanja kimoja.

Lakini hebu tufikiri juu ya kiapo hicho. Mtoto aliyelelewa vizuri hamtaji mzazi wake kwa udhaifu. Waganda humpigia mzazi magoti, na pwani mtoto humwamkia mzazi shikamoo hata kama mzazi hamtambui tena anayemwamkia. Sasa mtoto huyo huyo anatakiwa aandike, na aape kwamba ni kweli, kuwa mama yake hajui siku, hajui fedha, hujisaidia kitandani, humtukana anayemlisha. Tena shauri lenyewe hupewa jina la mama, na baada ya jina hilo huandikwa katika mabano kwamba ni mtu asiye na akili timamu. Na jambo hilo huandikwa siku ya kwanza, kabla jaji hajasikia neno lolote la ushahidi. Wako watoto walioacha kwenda mahakamani kwa sababu hiyo tu, wakaona ni heri dole gumba. Wao husema wamemsitiri mama. Sisi tunaona kwamba sitara ya namna hiyo humfunika mama pamoja na wale wanaomla. Adabu ni kitu kikubwa, wala hatusemi ivunjwe. Lakini adabu inayomwacha mtu bila mtetezi imekwisha kuwa kitu kingine.

Tukiulizwa kwa nini basi mahakama, na kwa nini kikao cha ukoo kisitoshe, hatutajibu kwamba jaji ana busara kuliko wazee. Jaji hamjui mama. Wazee wanamjua tangu usichana wake. Jibu letu tutalichukua katika historia ya nchi hii, katika jambo ambalo kila mwanafunzi wa Buganda hulisoma bila kulitazama kwa jicho hili.

Mwaka 1897 Kabaka Mwanga aliondolewa katika kiti, akawekwa mwanawe Daudi Chwa, ambaye alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kutawala, kwa hiyo waliwekwa watu watatu wa kumwamulia: Apolo Kagwa, Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Tarehe 10 Machi 1900 walezi hao, pamoja na machifu, waliweka sahihi katika Mkataba wa Buganda na Sir Harry Johnston kwa niaba ya Kabaka aliyekuwa bado kujifunza kusema vizuri. Mkataba huo ndio ulioleta mailo. Kabaka alipewa maili za mraba 350. Kila mmoja wa walezi watatu alipata maili za mraba 16 ziwe mali yake mwenyewe, na nyingine 16 za cheo chake. Daudi Chwa alipofikia umri wa kutawala, mwaka 1914, ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa. Na katika miaka ya 1920 wakuu wa koo, yaani Bataka, walilalamika kwa nguvu kwamba ardhi yenye makaburi ya babu zao imeangukia mikononi mwa watu wengine.

Hatukuyaleta haya ili kuwahukumu watu waliokwisha kutangulia. Kagwa alikuwa mtu wa kazi kubwa, na wako watakaosema kwamba bila walezi hao Buganda ingepoteza zaidi. Huenda ni kweli. Tena mtoto si mgonjwa, na nchi si kiwanja cha Wakiso. Hata hivyo sura ya jambo ni moja: watu waliopewa kumwamulia mwingine waliketi mezani ambako mali iligawanywa, na walipoinuka mali yao wenyewe ilikuwa imeongezeka. Wala hakukuwa na mtu juu yao, katika upande wa mtoto, wa kuwauliza. Mwingereza aliyekaa upande wa pili wa meza alikuwa na shughuli yake.

Kwa hiyo tunaona kwamba faida ya mahakama ni kumpa mlezi mtu wa kumwuliza. Ukoo waweza kuuliza pia, na koo nyingi huuliza. Waganda wanaye omukuza, ambaye huwekwa wakati wa kumsimika mrithi ili awe jicho juu ya mrithi na watoto wa marehemu, na ni desturi nzuri. Lakini ukoo wenyewe una mgao katika mali. Wajomba wanaokaa kikaoni ndio hao hao watakaokuwa majirani wa ardhi ikiuzwa, na shemeji anayetoa shauri ana mtoto anayetafuta kiwanja. Kikulacho ki nguoni mwako. Jaji, kwa kuwa hamjui mama, hana pia nia juu ya ndizi zake.

Juu ya hesabu za kila mwaka tunataka kuongeza neno. Jamaa wengi huziona kuwa ni usumbufu na dharau, kana kwamba serikali inawashuku. Wahenga hawakuona hivyo. Walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mlezi mwaminifu ndiye anayelihitaji daftari kuliko wote, kwa sababu siku moja ndugu aliyeko London atarudi, atauliza, na mwaminifu asiye na daftari ataonekana sawasawa na mwizi. Yule binti amwogeshaye mama angefaa kuandika humo hata bei ya sabuni.

Sasa tuigeukie hoja iliyo kinyume, maana ni nzito, na anayeipuuza hajalielewa swali. Mwaka 2008 Uganda iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Ibara ya 12 ya mkataba huo inasema kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika mambo yote ya maisha. Kamati inayousimamia mkataba iliifafanua ibara hiyo mwaka 2014 kwa maneno makali: utaratibu wa mtu mmoja kuamua badala ya mwingine uondolewe, na mahali pake uwekwe utaratibu wa kumsaidia mtu aamue mwenyewe. Kwa rai hiyo sheria yetu ya mwaka 1951 ni masalio ya zama zilizopita, na ombi la mtoto mahakamani, hata likiwa na nia safi, ni ombi la kumfanya mzazi asiwe mtu mbele ya sheria.

Sisi tunaikubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Tunaikubali kwanza kwa sababu ya maneno. Kanuni ya Adhabu ya Uganda ilikuwa na kifungu kilichowataja baadhi ya watu kwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili tungeyafasiri kuwa punguani na zuzu. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kuwaita watu hivyo ni kinyume cha utu unaolindwa na Katiba ya mwaka 1995. Uamuzi huo ungewafaa walimu wa lugha kuliko wanasheria. Kiswahili chetu hakina usafi wa kujivunia hapa. Mwendawazimu ni yule anayekwenda na wazimu, na wazimu ni jamaa ya mizimu na kuzimu. Majununi, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, inatoka kwa majini. Punguani ni mtu aliyepungua. Kila jina limekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi. Waganda wana eddalu na omulalu, nao wana ensimbu kwa kifafa, ambacho mpaka leo kuna watu hukiogopa kama laana ilhali ni maradhi yenye dawa. Neno analolitumia mtu ndilo litakaloamua kama atamwuliza mgonjwa anataka nini au atapita mbele yake kama anavyopita mbele ya kiti.

Pili tunaikubali kwa sababu ya ukweli wenyewe wa akili. Uwezo wa kuamua haukatiki wote kwa pamoja. Mama wa mfano wetu hawezi kupima bei ya ardhi, lakini anajua vizuri sana ni nani anayemtaka amwogeshe na ni nani hamtaki. Hajui mwaka, lakini akitajiwa ebiggya, makaburi ya ukoo, huonyesha kwa mkono upande yaliko na kusema amzikwe hapo karibu na mumewe. Hilo ni shauri kamili, lina sababu, halikubadilika tangu alipokuwa mzima. Kwa haki gani tuliite la mtu asiye na akili? Waingereza, katika Sheria yao ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005, waliliona jambo hili: uwezo hupimwa kwa kila uamuzi peke yake, na mtu hahesabiwi kukosa uwezo kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara. Tungependa mahakama zetu zitoe amri za namna hiyo, zenye kutaja jambo moja au mawili, badala ya amri inayomkabidhi mtu mzima kwa mtu mwingine kama furushi.

Mahali tunapoachana na Kamati ni pale inapodhani kwamba kila wakati liko shauri la mgonjwa la kusaidiwa. Yuko mtu aliyelala bila fahamu Mulago tangu pikipiki ya boda boda ilipopinduka. Utamsaidiaje kuamua? Utaisoma ishara ipi? Ukisema utayafasiri mapenzi yake ya zamani, umekwisha kuamua badala yake, ila umeliita jambo hilo kwa jina la heshima zaidi. Nasi tunaogopa kwamba jina la heshima litamwondoa yule mwulizaji tuliyemtaja. Anayesema waziwazi, mimi ndiye niliyeamua, aweza kuhojiwa. Anayesema, mama mwenyewe ndiye aliyeamua, mimi nilimsaidia tu, amemficha nani nyuma ya nani? Dole gumba lilisema hivyo hivyo.

Iko njia ambayo ingepunguza haja ya kwenda mahakamani, nayo ni mtu kuchagua mwamuzi wake angali mzima. Watu wengi mjini hudhani wamekwisha kufanya hivyo kwa kumwandikia mtoto hati ya uwakili. Wasilolijua ni kwamba kwa kanuni za sheria tulizozirithi, uwakili hukoma aliyeutoa anapopotewa na akili, kwa kuwa wakala husimama mahali pa mtu anayeweza kumwondoa, na asiyeweza kumwondoa hawezi kuwa na wakala. Mantiki hiyo ni safi, lakini matokeo yake ni ya ajabu: hati inafanya kazi siku zote ambazo huihitaji, na inakufa siku unapoihitaji. Waingereza waliirekebisha kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1985. Hapa kwetu mzee mwenye busara aweza angalau kuyaandika mapenzi yake, mbele ya mashahidi, akataja nani anayemwamini na kitu gani kisiuzwe. Karatasi hiyo haitamfunga jaji, lakini itampa jambo ambalo watoto watano hawawezi kumpa, yaani sauti ya mama kabla ya ugonjwa.

Na sauti ya baada ya ugonjwa? Lugha ya mahakama zetu ni Kiingereza. Taarifa ya daktari ni ya Kiingereza, viapo ni vya Kiingereza, na mama anazungumza Luganda, au ni Mnubi wa Bombo na huzungumza Kinubi na Kiswahili, au alikuja Kampala kutoka Arua miaka ya zamani na sasa, kama wafanyavyo wagonjwa wengi wa uzeeni, amerudi katika lugha ya utotoni mwake ambayo hata watoto wake hawaijui. Mtu wa namna hii akiletwa mbele ya jaji ataonekana hana akili kwa sababu tu hakuna anayemwelewa. Tunaona ni wajibu kwamba jaji amwone mgonjwa, au aende alipo, na awepo mfasiri wa lugha ile anayoiota mgonjwa usiku. Huenda atasema maneno yasiyo na maana. Huenda pia atasema, yule mwenye miwani simtaki, na kumbe mwenye miwani ndiye mwombaji.

Limebaki jambo la wanaopona. Makala mengi juu ya habari hizi huandikwa kana kwamba akili ikiondoka hairudi, na kwa maradhi ya uzeeni ndivyo ilivyo. Lakini malaria ikipanda kichwani hushuka. Aliyepatwa na wazimu baada ya kujifungua huweza kuwa mzima kabisa baada ya miezi. Mwenye maradhi ya akili ya kuja na kuondoka huja na kuondoka. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na wa Uganda, uwalii juu ya mali ya majununi hukoma mara akili yake inaporejea, bila ya kuhitaji hukumu mpya ya kadhi. Katika sheria ya serikali amri hudumu mpaka mahakama iiondoe. Basi mwanamke aliyepona, mwenye akili zake, hufika benki akakuta kwamba katika daftari la dunia bado ni mgonjwa, na ili awe mzima anahitaji wakili, daktari na tarehe ya kesi. Atakayemwombea amri ya kumwamulia ndugu yake leo, na aombe papo hapo itajwe siku ambayo jambo hilo litatazamwa tena. Na siku hiyo ikifika na mgonjwa akiwa amepona, mlezi amletee mezani hati, funguo, kitabu cha benki na daftari lenye bei ya sabuni, aketi, amngoje asome mpaka ukurasa wa mwisho.